Uzi: "Lita 1.4 kwa kilomita 100." Tuipime namba hii ya haibridi za kuchomeka

Kipimo_Sahihi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikitajwa haibridi ya kuchomeka (PHEV), swali ni lile lile: "Wameandika inakula lita 1.4 kwa kilomita 100, ni kweli?" Na majibu huwa mawili tu. Mmoja atasema huo ni uongo wa mchana kweupe, yake inanyonya lita 7. Mwingine ataapa kwamba yake haijawahi kufika hata lita 1. Nimeyafuatilia mabishano haya muda mrefu, na kilichonisukuma kuandika ni kwamba wote wawili wanasema kweli. Ila kila mmoja anaongelea gari lake.

PHEV ni magari mawili kwenye bodi moja. Betri ikiwa na chaji, una gari la umeme linalokula uniti (kWh) na halina habari na petroli. Betri ikiisha, una haibridi ya kawaida, tena iliyobeba mzigo wa betri kubwa, na inakula petroli karibu sawa na wenzake wa ukubwa huo. Ile namba moja ya kwenye tangazo ni mchanganyiko wa magari hayo mawili, na aliyechanganya si wewe. Imechanganywa kwa kanuni, kwa kukisia watu kwa ujumla wanachomeka mara ngapi na wanatembea umbali gani.

Tuione kanuni yenyewe. Zamani Ulaya walitumia kipimo cha NEDC. Walipima kilomita ambazo gari linakwenda kwa umeme, kisha wakachukulia kwamba baada ya hapo dereva anatembea kilomita 25 kwa petroli kabla hajachomeka tena. Ni 25 kwa kila mtu na kila gari. Sasa chukua Mitsubishi Outlander PHEV ya kwanza: Uingereza ilitangazwa kwa mpg (maili kwa galoni) 148, yaani kama lita 1.9 kwa kilomita 100, na umbali wa umeme kilomita 52. Jumlisha 52 na 25, unapata 77. Petroli imetumika kwenye kilomita 25 tu kati ya hizo 77. Sasa rudi kinyumenyume: 1.9 zidisha kwa 77, gawanya kwa 25. Inakuja 5.85. Hilo ndilo gari la pili lililojificha ndani ya 1.9. Karibu lita 6, na hizo ni za maabara, kwenye kipimo chenye mwendo mpole kuliko barabara yoyote ninayoijua.

Kuanzia 2017 kikaja WLTP. Mwendo wake una ukali zaidi: kilomita 23 badala ya 11, dakika 30 badala ya 20, na kasi inafika 131 kwa saa. Hapo wamejitahidi. Lakini kuchanganya kukabaki. Gari lenye kilomita 60 za umeme lilihesabiwa kwamba zaidi ya asilimia 80 ya safari zake ni za umeme. Kisha magari yenyewe yakaanza kutoa ushahidi. Mwezi Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa ripoti ya takwimu zilizosomwa moja kwa moja kutoka kwenye magari yaliyosajiliwa 2021. Magari ya kawaida ya petroli na dizeli yalizidi namba za maabara kwa kama asilimia 20. PHEV zilitoa hewa ya kaboni mara tatu na nusu ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi zake. Kaboni inatoka kwenye petroli, kwa hiyo hapo tunaongelea mafuta yale yale.

Ndiyo maana Ulaya wameirekebisha kanuni kuanzia 2025 kwa modeli mpya. Taasisi ya utafiti ya ICCT ilipigia hesabu BMW X1 xDrive25e: gramu 45 za kaboni kwa kilomita zinakuwa 96. Gari ni lile lile, hakuna bolti iliyoguswa. Kilichobadilika ni makisio ya mwanadamu atakayeliendesha. Naomba kila mtu alitafakari hili kabla hajalinganisha PHEV ya karatasi ya 2023 na ya karatasi ya 2026.

Sasa daftari langu. Gari langu linatangazwa lita 1.4 na kilomita 62 za umeme. Kwa wiki 8 niliandika kila kitu: kituo kimoja, pampu moja, najaza mpaka inapokata yenyewe mara ya kwanza na siongezi tone. Upande wa umeme niliweka mita ndogo kwenye soketi, kwa sababu dashibodi inahesabu kinachotoka kwenye betri tu, wakati kuna umeme unaopotea njiani kama joto wakati wa kuchaji. Matokeo:

Kilomita 2,480 zote pamoja.
Petroli lita 79.6.
Umeme uniti 296, kwa mita ya soketi.
Kilomita za umeme 1,390. Za petroli 1,090.

Ukigawa petroli kwa kilomita zote unapata lita 3.2 kwa 100. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya tangazo, na mimi nachomeka karibu kila usiku mmoja na kuacha mmoja. Lakini namba zenye maana ni hizi nyingine: lita 7.3 kwa kila kilomita 100 za petroli, na uniti 21.3 kwa kila kilomita 100 za umeme. Chaji moja kamili inakula uniti 10.2 hivi kwenye soketi na kunipeleka kilomita 48, si 62. Nilirudi kuisoma hati ya gari kwa makini, nikakuta wameandika kwa herufi ndogo: betri ikiwa tupu, lita 6.9. Walisema! Ila hawakuiweka kwenye tangazo.

Kwa hiyo ombi langu: mtu akileta namba ya PHEV, alete mbili. Betri ikiwa na chaji inakula uniti ngapi na inafika wapi. Betri ikiwa tupu inakula lita ngapi. Kuchanganya tutachanganya wenyewe.

Dereva_wa_Alfajiri

Mkuu heshima yako, lakini naona unalionea hili gari. Mimi natembea kilomita 35 kwa siku kwenda na kurudi, nachomeka kila usiku bila kukosa. Mara ya mwisho kujaza mafuta ni miezi mitatu iliyopita, na geji bado iko juu ya nusu. Kwangu hata hiyo 1.4 ni kubwa. Sasa mimi niseme nimedanganywa?

Kipimo_Sahihi

Hapana kaka, hujadanganywa, na wewe ndiye mtu ambaye gari hili lilitengenezwa kwa ajili yake. Safari yako yote inaishia ndani ya betri. Ninachopinga ni mtu kuichukua namba yako na kumpa anayetembea kilomita 300.

Tuchukue gari langu, kilomita 48 halisi na lita 7.3 betri ikiisha, tuwape madereva watatu na kila mmoja anachomeka usiku. Wa kilomita 40 kwa siku: petroli sifuri. Wa kilomita 120: anatembea 72 kwa petroli, anatumia lita 5.3, sawa na 4.4 kwa 100. Wa kilomita 300: anatembea 252 kwa petroli, lita 18.4, sawa na 6.1 kwa 100. Akiwepo wa nne asiyechomeka kabisa, ni 7.3. Funguo zile zile, matairi yale yale, na matokeo yanatoka sifuri hadi 7.3.

Ila na wewe kaka utuletee uniti zako. Ukisema "situmii kitu" wakati kila usiku soketi inakupa uniti 8 au 9, umetuachia nusu ya hesabu.

Na petroli ya miezi mitatu usiisahau kwenye tanki. Inachakaa. Baadhi ya magari haya huiwasha injini yenyewe baada ya muda ili kuchoma mafuta ya zamani na kuizungushia oili, kwa hiyo ukisikia injini imewaka na betri imejaa, soma kwanza kitabu cha gari kabla hujamtafuta fundi.

Gari_la_Kazi

Naongezea kutoka upande mwingine. Kazini tulipewa PHEV, mafuta analipa mwajiri kwa kadi, umeme wa nyumbani ungelipwa na mfanyakazi mwenyewe. Mnajua kilichotokea. Mwenzangu aliporudisha gari baada ya miaka mitatu, mimi ndiye niliyelipokea. Nikafungua buti. Kebo ya kuchajia ilikuwa kwenye mfuko wake wa nailoni, stika ya kiwandani haijabanduliwa, hata ule waya mwembamba wa kuifungia haujawahi kufunguliwa. Kilomita zaidi ya elfu 80 na gari halijawahi kuchomekwa.

Na kwenye karatasi gari lile lilihesabika kama safi na likapata nafuu ya kodi. Mimi linaniuma, kwa sababu wapo watu wangelitumia inavyotakiwa.

Kipimo_Sahihi

Gari_la_Kazi, ushuhuda wako una takwimu nyuma yake. ICCT na Fraunhofer ISI ya Ujerumani walikusanya matumizi ya maelfu ya PHEV za Ulaya, wakatoa matokeo mwaka 2022. Magari ya watu binafsi: kati ya lita 4.0 na 4.4. Magari ya kampuni: kati ya 7.6 na 8.4. Na yote yalikuwa yametangazwa wastani wa lita 1.6 hadi 1.7. Sehemu ya kilomita zilizokwenda kwa umeme kwenye magari ya kampuni ilikuwa asilimia 11 hadi 15 tu.

Kwa hiyo unapoambiwa "wastani wa watumiaji halisi", uliza watumiaji gani. Wastani wa Dereva_wa_Alfajiri na wa yule mwenzako wa kebo ya kwenye nailoni haumhusu hata mmoja wao.

Dada_Mizani

Asante mleta uzi, haya ni madini. Naomba nigusie upande wa Marekani, maana magari mengi ya mitumba na video nyingi tunazotazama zinatumia namba zao, na huko kuna mitego yake.

Kwanza galoni. Ya Uingereza ni lita 4.55, ya Marekani ni lita 3.79. Ile mpg 148 ya Outlander ingekuwa kama 123 kwa galoni ya Marekani. Kupata lita kwa kilomita 100, gawanya 282.5 kwa mpg ya Uingereza, au 235.2 kwa mpg ya Marekani. Ukichanganya hizo mbili tu, tayari umekosea kwa asilimia 20.

Pili kuna MPGe. EPA, shirika lao la mazingira, walihesabu kwamba galoni moja ya petroli ina nishati sawa na uniti 33.7, na MPGe ni maili ambazo gari linakwenda kwa uniti hizo 33.7. Ni kipimo cha nishati. Hakikuambii utatoa lita ngapi kwenye pampu wala utalipa kiasi gani. Nimeona watu wanaandika "gari linakwenda maili 93 kwa galoni" wakati ni MPGe ya upande wa umeme.

Na hapa kuna historia nzuri. Agosti 2009, General Motors walitangaza kwamba Chevrolet Volt itapata mpg 230 mjini. Hiyo ni kama lita 1 kwa kilomita 100. Gari lilipokuja sokoni mwishoni mwa 2010, EPA walilipa stika yenye namba mbili: MPGe 93 kwa umeme, na mpg 37 kwa petroli peke yake, yaani lita 6.4. Umbali wa umeme maili 35, kama kilomita 56. Namba ya mchanganyiko iliwekwa pia, 60, lakini macho yanaziona zile mbili kwanza. Kutoka 230 hadi 37 ni gari lile lile. Mimi naona Wamarekani hapo walimheshimu mnunuzi kuliko Ulaya walivyofanya miaka yote hiyo.

Kipimo_Sahihi

Dada umenifundisha, na nakubaliana na wewe kabisa kuhusu stika. Namba mbili kwenye karatasi moja, kila mtu achanganye kwa kilomita zake. Ni hilo tu tunaloomba.

Mnunuzi_Mpya

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiyo niko sokoni sasa hivi na uzi huu umenikuta pazuri. Swali: Wachina wanatangaza "kilomita 2,100 kwa tanki moja na chaji moja", na lita 2.9 betri ikiwa tupu. Hii nayo tuipimeje? Maana hapa wamesema wazi betri tupu.

Kipimo_Sahihi

Marahaba mdogo wangu. Hiyo ni BYD, walipozindua kizazi cha tano cha mfumo wao wa haibridi za kuchomeka uitwao DM mwezi Mei 2024. Kwanza niwape haki yao: namba ya betri tupu ndiyo namba tunayoililia, na wao wameiweka mbele. Hiyo ni hatua.

Lakini uliza imepimwa kwa kipimo kipi. Ile 2.9 ni ya NEDC, kile kile cha zamani. Wastani wa kasi yake ni kama kilomita 34 kwa saa, na unaongeza mwendo taratibu kama mtu aliyebeba maji kichwani. Haibridi nzuri kwenye mwendo huo hung'aa, kwa sababu injini inazimwa muda mwingi. Kwenye barabara kuu, kwa kilomita 110 au 120 kwa saa mfululizo, mota ya umeme haina cha kuokoa. Unapambana na upepo, na upepo unataka nishati mbichi. Kwa hiyo usiilinganishe 2.9 ya NEDC na 5 ya WLTP ukadhani umelinganisha magari. Umelinganisha mitihani.

Na hizo 2,100 zipite haraka. Ni tanki kubwa pamoja na betri. Umbali mrefu haukuambii gari linakula kidogo, unakuambia pia limebeba mafuta mengi.

Fundi_Soketi

Nimesoma mwanzo hadi hapa bila kuruka. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, nataka kuwapa kitu ambacho wengi hawakijui.

Magari mapya yaliyouzwa Ulaya kuanzia Januari 2021 yana kumbukumbu ndani yake inayoitwa OBFCM. Hesabu hii haifutiki ukibonyeza kitufe cha safari. Inasomwa kwa mashine ya kawaida ya dayagnosi kupitia ile soketi ya OBD chini ya usukani, ilimradi programu yako inaijua. Inatunza jumla ya lita gari lilizokunywa tangu lizaliwe na jumla ya kilomita. Kwa PHEV inatunza zaidi: kilomita lilizotembea kwa chaji injini ikiwa imezimwa, kilomita lilizotembea kwa chaji huku injini inafanya kazi, kilomita ambazo dereva aliiamuru injini ichaji betri, na jumla ya umeme ulioingia kutoka soketi. Hizo takwimu za Tume ya Ulaya alizozitaja mleta uzi zimetoka humo humo.

Kwa mnunuzi wa mtumba hiki ni kitu kikubwa sana. Muuzaji anakuonyesha picha ya dashibodi imeandika 0.9. Sawa, lakini ile ni tangu alipoirudisha sifuri, na anaweza kuirudisha asubuhi betri imejaa, akatembea kilomita 40 akapiga picha. Kumbukumbu ya ndani haina asubuhi.

Jambo la pili, hali ya kuchaji kwa injini. Nina mteja aliyekuwa akijisifu kwamba mjini hatumii tone la petroli. Ni kweli. Lakini alikuwa anaibonyeza ile hali kwenye barabara kuu ili afike mjini betri imejaa. Petroli yote ya mjini ameshainunua barabarani, tena kwa hasara, maana petroli imegeuzwa mzunguko, mzunguko ukageuzwa umeme, ukaingia betri, ukatoka tena kuwa mzunguko. Kila hatua inadai chake. Ile hali ya kuitunza tu chaji haina shida, inalinda kilichopo. Hii ya kuchaji ndiyo inayokula.

Dada_Mizani

Fundi ubarikiwe. Halafu kwa mtumba kuna uzee wa betri. Tangazo la mtumba hurudia umbali wa umeme wa siku gari lilipotoka kiwandani. Betri ya PHEV ni ndogo, inajazwa na kumalizwa karibu kila siku, kwa hiyo inapiga mizunguko mingi kuliko ya gari la umeme kamili. Lililokuwa la kilomita 50 linaweza kukukabidhi 35, na kama safari yako ni 45, umeshahamishwa kutoka kundi la sifuri kwenda kundi la petroli kila siku bila kuambiwa. Jaza chaji, tembea mpaka injini iwake yenyewe, hesabu.

Baridi na joto nayo inahusika. Kiyoyozi kinakula betri hiyo hiyo, na kwenye baridi kali baadhi ya PHEV huwasha injini kwa ajili tu ya kupasha joto ndani.

Safari_Ndefu

Swali la msingi kwangu: kwa nini nisichukue haibridi ya kawaida isiyochomekwa, nikaachana na hesabu zote hizi?

Kipimo_Sahihi

Swali zuri sana mkuu, na kwa jina lako nadhani jibu unalo. Tuseme haibridi ya kawaida inakula lita 4.8 kwa 100 kila siku, na PHEV yangu 7.3 betri ikiisha. Ili petroli yangu ishuke chini ya yake, lazima zaidi ya theluthi moja ya kilomita zangu ziwe za umeme. Chini ya hapo, yeye ananishinda hata kwenye mafuta peke yake.

Na kuna umeme wa kulipia. Kilomita 100 kwangu ni uniti 21.3 au lita 7.3. Gawanya 7.3 kwa 21.3, inakuja 0.34. Maana yake uniti moja ikigharimu zaidi ya theluthi ya bei ya lita moja ya petroli, kuchomeka hakuniokolei fedha. Nikijilinganisha na haibridi ya kawaida mstari unashuka hadi 0.22 hivi, zaidi kidogo ya moja ya tano. Chukua bei zako uzigawe, ni sekunde kumi. Chaji ya nyumbani mara nyingi inapita. Chaja za haraka za njiani sehemu nyingi zinaangukia upande wa pili, na watu huzitumia wakidhani wanaokoa.

Kama unataka namba moja ya nishati yote, geuza uniti kuwa lita: lita moja ya petroli ina kama uniti 8.9. Uniti zangu 296 ni kama lita 33.3. Ongeza 79.6, gawa kwa kilomita 2,480. Inakuja 4.6. Hapo ndipo gari langu lilipo kweli kwa wiki zile 8. Si baya hata kidogo kwa ukubwa wake. Lakini si 1.4.

Mnunuzi_Mpya

Wakubwa nimerudi na mrejesho. Nimepata PHEV ya 2022, mtumba, muuzaji kaniruhusu nikae nayo siku mbili. Anasema betri ikiwa tupu inakula lita 4.3 tu. Nikafanya kama mlivyosema: nilijaza mpaka pampu ikakata, nikatembea kilomita 210, nikarudi pampu ile ile. Zimeingia lita 9.1. Gawanya, inatoka 4.3 kamili! Nilifurahi sana, naona muuzaji ni mkweli. Nilipe?

Kipimo_Sahihi

Hongera kwa kupima, wengi hawafanyi. Subiri kidogo kulipa. Betri ilikuwa asilimia ngapi ulipojaza mara ya kwanza, na ngapi ulipojaza mara ya pili? Na betri ni uniti ngapi za kutumika?

Mnunuzi_Mpya

Nina picha za dashibodi. Mwanzo 80, mwisho 12. Hati inasema uniti 12 zinazotumika.

Kipimo_Sahihi

Basi tuhesabu pamoja. Umetumia asilimia 68 ya uniti 12, yaani uniti 8.2. Kwa gari la ukubwa huo hizo ni kilomita 42 hivi za bure kwenye hesabu yako. Kilomita za petroli ni 168, si 210. Lita 9.1 kwa 168 ni 5.4.

Na kuna jambo la pili, ambalo PHEV inaumiza zaidi kuliko gari la kawaida. Pampu haikati sehemu ile ile kila mara. Inaweza kupishana lita moja juu au chini kutegemea gari limesimama vipi na mafuta yana povu kiasi gani. Ukijaza lita 80, lita moja ni kitu kidogo. Ukijaza 9, ni zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo 5.4 yako kwa kweli iko mahali kati ya 4.8 na 6.0. Sisemi muuzaji ni mwongo, huenda naye alipima kama wewe.

Kama ni la soko la Ulaya la 2022, Fundi_Soketi kasema pa kutazama.

Mnunuzi_Mpya

Nimepeleka leo kwa fundi wa hapa jirani, mashine yake imesoma. Kumbukumbu ya ndani: kilomita 61,400, lita 2,830. Kilomita za chaji injini ikiwa imezimwa 14,900.

Nimejaribu mwenyewe. Kwa jumla ni lita 4.6 kwa 100. Nikitoa zile 14,900 zinabaki 46,500, na 2,830 gawanya kwa hizo ni 6.1. Nimepatia?

Fundi_Soketi

Umepatia. Na mwenye gari alichomeka robo tu ya kilomita zake. Kwa hiyo betri haijachoka sana kwa mizunguko, hilo liweke upande wa mazuri. Wewe unatembea kiasi gani kwa siku?

Mnunuzi_Mpya

Kilomita 28 siku za kazi, soketi ninayo nyumbani. Mwisho wa mwezi safari moja ya kilomita 400 kwenda na kurudi.

Kipimo_Sahihi

Siku za kazi 22 ni kilomita 616, zote kwa umeme kama betri inafika 40 halisi. Safari ya mwisho wa mwezi: kama 40 kwa umeme, 360 kwa petroli kwa lita 6.1, ni lita 22. Kwa mwezi kilomita 1,016 na lita 22, sawa na 2.2 kwa 100, pamoja na uniti kama 140 za soketi. Hiyo ndiyo namba yako wewe.

Kabla ya kulipa bado jambo moja: hiyo 40 ya umeme hatujaiona kwa macho. Ijaze chaji leo usiku, kesho tembea njia yako ya kazini mpaka injini iwake yenyewe, uandike kilomita.

Mnunuzi_Mpya

Nimeichomeka sasa hivi. Mita ya soketi nimeiandika. Kesho jioni naleta namba.